Haidrojeni kwa maji ya bahari ya Mikindani

Umeuliza kama unaweza kupata haidrojeni kwa kutia maji ya bahari ya Mikindani moja kwa moja kwenye mtambo wa sola, au kwa unga wa kuanika juani. Hapana, usiyatie hivyo hivyo. Ukipitisha umeme wa sola kwenye maji ya chumvi, upande wa chanya hutoa klorini pamoja na oksijeni: ni sumu, na inakula bamba za chuma mpaka maji yanakuwa rangi ya kutu. Chukua maji ya betri (yale ya kuongezea, siyo asidi), uyatie alkali kama potasiamu haidroksaidi ili yapitishe umeme, na utumie bamba za nikeli kama kichocheo, yaani cha kuharakisha kazi.

Ule unga wa titani dioksidi wa kuanika juani bila umeme ni kweli unapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, ila unanasa mionzi ya urujuanimno tu, karibu asilimia 5 ya jua lote. Wajapani walijaribu kichocheo cha aina hiyo, strontiamu titaneti, kwenye mita 100 za mraba. Matokeo ya 2021 yalikuwa kwamba asilimia 0.76 tu ya nishati ya jua iligeuka haidrojeni. Sola na mtambo wa kupasua maji kwa umeme hupita asilimia 10 bila shida. Halafu kwenye unga gesi zote mbili hutoka zimechanganyika, cheche moja tu inalipuka.

Kilo 1 ya haidrojeni hula lita 9 za maji na yuniti kama 50 za umeme. Kama ni kupikia tu, chomeka jiko la umeme.