Maswali na majibu: Mtoto anatimiza mwaka na mfuko umetoboka

Shikamoo dada. Mwanangu anatimiza mwaka mwezi ujao. Nina laki moja tu, na mawifi zangu wanasema bila ukumbi na MC ni aibu. Nifanyeje? (Mama wa Mbagala)

Marahaba mama, na hongera sana kwa kumfikisha mwaka. Hakuna aibu hapo. Ukumbi na spika ni mambo ya watu wazima. Mtoto wa umri huu akizungukwa na sura hamsini asizozijua, atakung'ang'ania shingoni mpaka usiku. Alika wanaomjua: bibi na babu, shangazi, majirani wa karibu na watoto wao. Wakizidi sana wawe ishirini.

Kwa watu hao, pilau ya mchele kilo mbili na nusu na nyama kilo moja na nusu inatosha, pamoja na kachumbari na ndizi mbivu. Soda za kreti zitakumaliza. Loweka ukwaju au ubuyu, ndoo moja itawanywesha wote. Tandika mikeka kwenye kivuli, wazee waazimie viti kwa jirani na uvirudishe jioni ileile. Laki yako itoe kwanza chakula, kisha keki, na kinachobaki ndicho cha mapambo. Wengi huanza na mapambo, na siku ya siku wanajikuta wanakopa mchele kwa Mangi. Doti mbili za kanga za rangi kali zikitundikwa ukutani nyuma ya meza, picha zinatoka safi kabisa.

Mawifi wape kazi mapema na kwa heshima. Mmoja asimamie pilau, mwingine apokee wageni. Ni shangazi zake mtoto, wana haki ya kuwa na sehemu yao.

Tuanze saa ngapi?

Fuata usingizi wake. Kama huamka saa tisa alasiri, wageni waje saa kumi, keki ikatwe saa kumi na nusu, na saa kumi na mbili watu waage. Usicheleweshe keki kwa kumsubiri mgeni. Mtoto akishachoka, sherehe imekwisha.

Sina oveni, na keki za kuagiza ni ghali. Jiko la mkaa litaivisha keki kweli?

Linaivisha, na vizuri. Chukua unga wa ngano nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita, beking pauda vijiko vitatu vya chai na maziwa nusu kikombe. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na laini; hapa usione uvivu, maana ndipo keki inapopata wepesi wake. Tia mayai moja moja huku unapiga, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, mwisho maziwa.

Weka mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa, ubandike jikoni upate moto kwa robo saa. Sufuria ndogo ipake siagi, tandika karatasi chini, mimina mchanganyiko usizidi nusu ya kina chake, kisha iweke juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa. Sasa moto: makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Ukiacha moto mkali chini, keki itaungua kitako na katikati ibaki uji. Usifunue nusu saa ya kwanza. Kingo zikianza kuachana na sufuria, chomeka njiti safi. Ikitoka kavu, ipua. Jiko likae nje, kwani hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua, na mtu mzima mmoja alilinde muda wote watoto wanapotambaa.

Krimu ya siagi iache, joto la Dar huiyeyusha kabla hamjaimba. Nyunyiza sukari ya unga, inapendeza.

Mtoto mwenyewe ale keki?

Kipande cha kuonja kwa ajili ya picha kinatosha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vya sukari wala vyakula vyenye sukari nyingi. Mkaangie vichapati vidogo vya ndizi iliyopondwa, yai na unga kidogo, ikiwa mayai ameshayazoea. Vipange kama mnara, umwekee mbele yake. Atafurahi kuliko keki ya ghorofa tatu.

Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima zisifike kwenye mkeka wa wadogo, zinakaba koo. Na wageni wenye wachanga chini ya mwaka uwaambie wasiwalambishe asali hata kidogo, inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo tumbo la mchanga haliwezi kuvishinda.

Nigawe kadi za mchango?

Hapana. Watu wana michango ya harusi na misiba, wanakuja kwako wapumzike. Lakini anayeuliza aje na nini, mjibu waziwazi: barafu, tikiti, sahani za kuazima.

Vijana wa mtaani wanataka kummwagia maji kama wanavyofanya kwenye bethdei zao. Ni sawa?

Kataa, bila kuona haya. Wakitaka, wammwagie baba yake. Puto nazo zitundikwe juu, na likipasuka okota vipande papo hapo. Mtoto akivuta kipande kinaziba koo.

Mimi ni mama mwingine, nipo Muscat, Oman, kikazi, mwanangu yuko Dar kwa mama. Nitashirikije?

Pole kwa umbali, mama. Tuma pesa ya nyama na ya bando mapema, na mwombe mdogo wako ashike simu wakati wa keki, asiwe na kazi nyingine yoyote. Siku chache kabla, piga kila jioni umwimbie wimbo uleule, ili siku hiyo sauti yako aijue. Oman iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo keki ya saa kumi na nusu ya huku ni saa kumi na moja na nusu kwako. Omba ruhusa ya muda huo tangu sasa.