Kwa nini jibu sahihi limepewa sifuri: kanuni za darasa la Kemia Kidato cha Tano

Ujumbe umeingia Jumapili usiku kutoka kwa mama ambaye binti yake ameanza Kidato cha Tano Julai hii, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). "Mwalimu, pole na kazi. Mtoto alipata A ya Kemia Kidato cha Nne. Ripoti yake ya kwanza ya maabara amepewa sifuri, na jibu lake ni 0.1 M, sahihi kabisa. Hii ni haki kweli?"

Ni haki, mama. Picha ya ripoti uliyoituma inajieleza. Jedwali lina mistari mitatu: 25.00, 25.00, 25.00. Safu ya usomaji wa mwanzo wa bureti (mrija wenye vipimo na koki) ni tupu, na ya usomaji wa mwisho ni tupu pia. Ameandika kwa penseli. Chini yake hesabu imekwenda vizuri mpaka 0.1 M, nambari ileile iliyobandikwa kwenye chupa ya asidi. Binti hakupima chochote; alisoma lebo, akarudi nyuma kutengeneza jedwali. Mwalimu aliyesahihisha titresheni mia mbili (kazi ya kudondosha asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike) hutambua jambo hilo kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Hapo ndipo Kemia ya Kidato cha Tano inapoachana na ile ya Kidato cha Nne. Asidi na besi ni zilezile, bureti ni ileile. Kinachosahihishwa ndicho kimebadilika: alama nyingi ziko kwenye rekodi ya ulichokifanya na ulichokiona, na jibu la mwisho linapata kipande kidogo tu. Kwa hiyo kanuni za darasa ambazo wanafunzi huziita "ukoloni wa mwalimu" karibu zote zinalinda rekodi hiyo. Nitazieleza, pamoja na kosa ambalo kila moja imewekwa kulizuia.

Daftari la maabara ni moja, lina namba za kurasa, na linaandikwa kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa na kuandika nambari mpya pembeni. Hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa, hakuna kuandika kwanza kwenye kiganja au karatasi chakavu "halafu nitanakili vizuri bwenini". Nambari inayosafiri kutoka karatasi moja kwenda nyingine hugeuka njiani: 24.65 inakuwa 26.45, na hakuna atakayejua. Mstari uliokatwa hauondoi alama hata moja.

Kabla ya kuingia maabara, nusu ukurasa uwe umeandikwa: lengo, hatua kwa maneno yako, na jedwali tupu lililochorwa tayari. Asiye nao anasimama nje mpaka auandike. Sababu ni saa. Kipindi pacha ni dakika 80, na titresheni nne zinazofanywa kwa utulivu hula karibu dakika 50 kati ya hizo. Anayechora jedwali wakati mwenzake anafungua koki ndiye anayeishia kubuni mistari miwili ya mwisho.

Sasa titresheni yenyewe, maana ndiyo inayoua wengi.

Chukua zoezi la kawaida: kupata molariti ya asidi hidrokloriki (moli ngapi zimo katika lita moja, ndiyo ile M) kwa kutumia sodiamu kaboneti. Unapima gramu 1.325 za kaboneti isiyo na maji, unaiyeyusha na kufikisha sentimita za ujazo 250. Masi ya moli ni 106, kwa hiyo una 0.05 M, na kila titresheni unachukua sentimita za ujazo 25 zake kwa pipeti. Kosa la kwanza hutokea hapo hapo kwenye mizani: chupa mbili za sodiamu kaboneti zinakaa rafu moja, moja kavu na nyingine yenye molekuli kumi za maji ya fuwele, ambayo masi yake ya moli ni 286. Ukipima 1.325 kutoka chupa ya pili, titresheni itaishia kwenye sentimita za ujazo 9.3 hivi za asidi badala ya kukaribia 25. Ndiyo maana kanuni inasema uandike jina lote lililo kwenye lebo, pamoja na hayo maji kumi, hata kama unaona ni usumbufu.

Bureti inasuuzwa kwa asidi itakayowekwa ndani yake. Pipeti inasuuzwa kwa kaboneti. Flaski ya koni inasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Wanafunzi hukariri sentensi hizi tatu kama sala, halafu wanazichanganya. Fikiria kinachobaki kwenye ukuta wa chombo. Maji yakibaki ndani ya bureti yanaipunguza nguvu asidi, utamwaga nyingi zaidi, na molariti utakayopata itakuwa ndogo kuliko ile halisi. Flaski ukiisuuza kwa kaboneti, umeongeza moli ambazo pipeti haikuzihesabu, na ujazo wa asidi unapanda vilevile. Maji ndani ya flaski hayana tatizo lolote, kwa kuwa hayabadilishi idadi ya moli ulizoweka.

Faneli itolewe juu ya bureti kabla ya kusoma. Ikibaki, matone yake huanguka ndani katikati ya kazi na kufanya ionekane umetumia asidi kidogo. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya chini ya koki kiondolewe kwanza kwa kuifungua koki ghafla. Kikitoka katikati ya titresheni kitahesabiwa kama asidi. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti liache. Usilipulize. Pipeti imepimwa kiwandani na tone hilo likiwemo kwenye hesabu ya kubaki.

Kiashiria (rangi inayoonyesha mahali pa kusimama) kwa zoezi hili ni MO, yaani methili oranji, na hapa ndipo waliokariri "POP ni ya alkali" (POP ni fenolfthalini) wanapoumbuka. Kaboneti humezwa na asidi kwa hatua mbili. POP inapoteza rangi ya waridi mwishoni mwa hatua ya kwanza, kaboneti ikiwa imegeuka haidrojenikaboneti, kwenye 12.5 hivi. Mwanafunzi anafurahi kumaliza mapema, anakokotoa, anapata 0.2 M, na hajui kwa nini. MO inatoka njano kwenda rangi ya chungwa ukifika mwisho wa hatua ya pili. Simama kwenye chungwa la kwanza linalodumu. Ukifika kwenye wekundu umeshapita. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski, na MO iwe matone mawili au matatu tu. Ukimimina nusu kijiko hutaona badiliko lolote la maana.

Usomaji unaandikwa kwa desimali mbili, ya pili ikiwa 0 au 5, macho yakiwa usawa wa ukingo wa chini wa mbonyeo (mkunjo wa uso wa kimiminika). "25" haikubaliki, "25.0" haikubaliki. Tuseme umepata 25.60 kwenye titresheni ya majaribio, kisha 25.00, 25.10 na 25.05. Ile ya kwanza unaiandika lakini huiingizi kwenye wastani, kwa sababu uliifanya kwa haraka kutafuta mahali pa kusimama. Wastani wa tatu zilizobaki ni 25.05, na molariti inatoka 0.0998. Ukiingiza na ya majaribio unapata 0.0993. Tofauti ni ndogo, ndiyo, ila mtahini anaiona bila miwani. Na zile tatu zisipishane zaidi ya 0.20, zikipishana, unafanya ya nne, huchagui zinazokupendeza.

Unaona sasa, mama, kwa nini 0.1 kamili ilimtia mashaka mwalimu? Mikono ya binadamu haitoi 0.1 kamili mara tatu mfululizo. Inatoa 0.0998, inatoa 0.101.

Kwenye utambuzi wa chumvi, yaani kutafuta ni metali gani iliyomo ndani yake, kanuni ni moja: tone kwa tone, kisha ziada, na kila hatua na sentensi yake. Mwenye haraka anamimina sodiamu haidroksaidi nusu testi tyubu kwa mkupuo. Kama ndani kuna zinki, alumini au risasi, mashapo meupe yanatokea na kuyeyuka kabla hajainua macho, naye anaandika "hakuna badiliko". Amepoteza dalili muhimu kuliko zote. Akienda taratibu ataona mashapo, ataona yakiyeyuka kwenye ziada, na atabaki na watuhumiwa watatu. Amonia inamtoa zinki, kwa kuwa ni yake tu inayoyeyuka kwenye ziada ya amonia. Potasiamu ayodaidi inamtoa risasi kwa mashapo ya njano.

Kuna tatizo jingine ambalo ni letu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Nyumbani tunasema maji meupe, tukimaanisha maji matupu, safi. Mwanafunzi anaona mmumunyo kama maji ya kunywa, anafikiri "mweupe", anaandika kwa Kiingereza kwamba ni mweupe, na mtahini anaelewa kitu kama maziwa. Amekosa alama kwa kitu alichokiona vizuri kabisa. Kwenye daftari la maabara, nyeupe ni rangi ya chokaa na maziwa. Kilicho kama maji hakina rangi, na kinaandikwa hivyo.

Joto la mmenyuko nalipitia haraka. Ukichanganya sentimita za ujazo 50 za asidi 1 M na 50 za sodiamu haidroksaidi 1 M, halijoto inapanda nyuzi sita na ushee. Masi ya kuweka kwenye hesabu ni gramu 100, si 50, kwa sababu kilichopata joto ni mchanganyiko wote. Tumia kikombe cha plastiki, bika ya kioo inakunywa joto. Alama ya kutoa mbele ya jibu isisahaulike, kwa kuwa joto limetoka.

Kwa zoezi la thiosalfeti na asidi, unapopima muda mpaka salfa inayotokea ifiche msalaba kwenye karatasi chini ya bika, ujazo wote wa mchanganyiko uwe uleule kila mara, ukijaziwa maji. Ukiubadilisha, kina cha kimiminika kinabadilika, na msalaba unapotea mapema au kwa kuchelewa kwa sababu isiyohusiana na kasi ya mmenyuko. Bika ioshwe kila baada ya jaribio, salfa hung'ang'ania chini. Madirisha yawe wazi, gesi ya salfa dayoksaidi inayotoka inakaba kifua.

Usalama hauna mjadala. Koti la maabara, viatu vya kufunika vidole, nywele zimefungwa, miwani. Mwenye ndala anarudi bwenini na kipindi kimempita. Asidi nzito humiminwa ndani ya maji, taratibu huku ukikoroga; ukimimina maji juu ya asidi salfyuriki, maji yanabaki juu kwa kuwa ni mepesi, yanachemka hapo hapo na kukurukia usoni. Kuvuta pipeti kwa mdomo ni marufuku, hata pale ambapo mipira ya kuvutia ni miwili kwa darasa zima, mtapokezana. Asidi ikimwagikia ngozi, maji ya bomba yanayotiririka, dakika zisizopungua kumi, na usijaribu "kuizima" kwa alkali. Dawa iliyobaki hairudishwi kwenye chupa. Chupa moja iliyochafuliwa inaharibu matokeo ya mikondo yote.

Kuhusu kushirikiana: wawili wanaotumia bureti moja wanaruhusiwa kuwa na usomaji uleule, na kila mmoja aandike jina la mwenzake. Kuanzia hesabu, kila mtu na kichwa chake. Kunakili hujulikana kirahisi kuliko mnavyodhani. Wawili wakikosea namna ileile, wakikadiria moli 0.00250 za asidi kuwa 0.003 katikati ya hesabu na kutoka na 0.12 wote wawili, hakuna haja ya upelelezi. Na hilo la kukadiria katikati liache kabisa: beba tarakimu zote kwenye kikokotoo, kata mwishoni, tarakimu tatu muhimu zinatosha.

Kazi ya nyumbani inakusanywa kabla ya majibu kujadiliwa darasani. Baada ya hapo haipokelewi, kwa sababu kinachosahihishwa kitakuwa kumbukumbu ya ubao. Aliyeugua analeta karatasi ya zahanati na anafanya praktiko yake ndani ya wiki moja. Walimu wengine wanatoa msamaha mmoja kwa muhula bila kuuliza sababu. Naona ni busara, kwani hupunguza misiba ya uongo.

Marudio ya mtihani yana sharti: kwanza lete masahihisho ya ule wa kwanza, kila swali ulilokosa likiwa na mstari mmoja unaosema kosa lilikuwa nini. "Sikuelewa" si kosa. "Nilitumia R (namba ya kudumu ya gesi) ya 8.314 huku shinikizo likiwa kwenye atmosfia" ni kosa. "Niliacha halijoto kwenye Selsiasi" ni kosa. Shule nyingi huweka kikomo cha alama kwenye marudio. Binafsi naona kikomo kinamwadhibu anayechelewa kuelewa, naye si mvivu. Wastani wa mitihani miwili unatosha.

Kwa binti yako sasa. Sifuri ya ripoti moja haimzuii kufika 80 zinazohitajika kwa A, kuna ripoti nyingi mbele. Asiende kuomba alama. Aende kwa mwalimu wake na ombi la kurudia zoezi lote wakati maabara ina nafasi, akiwa na daftari, kalamu ya wino na jedwali tupu lenye mistari minne. Bureti si lazima ianzie 0.00. Ikianzia 1.35 aandike 1.35, afungue koki.