Figo zinatibiwa, na moyo wake je?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 52 na ni fundi wa mitumbwi. Figo zake zilishindwa kufanya kazi, na huu ni mwezi wa tano anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Siku hizi hataki kuketi barazani na wenzake, hapati usingizi, na usiku mwingine hushtuka akisema pumzi inambana. Akiulizwa hujibu kwamba yeye ni mzigo na anatumaliza. Juma lililopita alimpa mpwa wake tezo aliyoachiwa na marehemu baba yake, akasema haihitaji tena. Ndugu wanasema ni uchovu wa figo tu, tumpe muda. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wanne, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, dada yangu. Ndugu zako wameshika sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo ndiyo inayowapoteza. Figo zikishindwa, taka hubaki katika damu, na kwa kuwa figo hizohizo ndizo zinazotoa homoni ya kuchochea utengenezaji wa chembe nyekundu, damu nayo hupungua. Hivyo mgonjwa huchoka, hukosa usingizi na hukataa chakula hata kama hana huzuni yoyote. Lakini upungufu wa damu hauelezi kwa nini mtu ajione mzigo na kuigawa tezo ya baba yake. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, tunashuku sonona, ambayo ni ugonjwa wenye tiba yake.

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wa figo ana sonona. Mimi sishangai. Mwanamume aliyeilisha nyumba kwa mikono yake sasa hukaa saa nne kando ya mashine, mara tatu kila wiki, hupimiwa maji ya kunywa kwa kikombe ilhali Ziwa Tanganyika liko mbele ya macho yake, na husikia kila mazungumzo yakiishia kwenye nauli na bima. Nawasihi, msijadili gharama zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Mwelezeni muuguzi wa kitengo anakosafishwa damu yote uliyoniandikia, pamoja na habari ya tezo, kwa sababu mwenye sonona huanza kuruka siku za mashine na kuacha dawa. Tiba ipo: mazungumzo na mshauri aliyesomea kazi hiyo, au dawa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 kwa wagonjwa wanaosafishwa damu ulionyesha kwamba, baada ya wiki 12, dalili zilipungua kwa waliopewa mazungumzo na kwa waliopewa dawa ya sertralini, waliopewa dawa wakiwa mbele kidogo. Dawa hizo zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, maana baadhi hujikusanya mwilini figo zisipofanya kazi.

Kuhusu pumzi, usikubali kuambiwa kwamba ni wasiwasi tu kabla hajapimwa. Maji yakizidi mwilini huingia kwenye mapafu na kumbana mtu anapolala, na potasiamu ikipanda huvuruga mapigo ya moyo. Hali hiyo ikimrudia, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Liko jambo moja la kufanya leo. Keti naye faraghani umuulize waziwazi kama anafikiria kufa au kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa zake zitunzwe na mtu mwingine, na umfikishe hospitali leo hii bila kungoja siku ya mashine. Hiyo tezo, kwa sasa, ibaki kwa mpwa wake.