Kabla Hujamlipia Mwanao Mazoezi ya Mawimbi ya Ubongo

Ukiwa na mtoto mwenye ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuwa makini, hutakosa mtu wa kukwambia kuna mazoezi ya ubongo yasiyo na dawa, na kwamba mtoto wa fulani yamemtuliza. Binti yangu ameyapitia mwanzo hadi mwisho. Nikiulizwa kama yanafaa, jibu langu huwa refu kuliko watu wanavyotaka.

Zoezi lenyewe haliumi. Mtoto hubandikwa vihisio vichache kichwani kwa jeli, vingine masikioni, akakalishwa mbele ya skrini. Hakuna umeme unaoingizwa. Mashine inasoma tu. Yale mawimbi ya polepole yaitwayo theta, mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde, yakipungua na ya beta yenye kasi zaidi yakiongezeka, katuni inaendelea. Mtoto akizubaa, picha inafifia. Binti yangu hakuchelewa kugundua kwamba akikaza taya mchezo unasonga mbele, maana umeme wa misuli huingia kwenye usomaji ukaonekana kama wa ubongo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhudumu liwe hilo: umeme wa misuli mnauchujaje? Akibabaika, shika pochi yako.

Sisemi ni uganga. Miaka ya 1960 huko Marekani, mtafiti Barry Sterman aliwafundisha paka kuongeza wimbi fulani la ubongo, na mwaka 1976 mtafiti mwingine, Joel Lubar, na mwenzake wakachapisha habari za mtoto mtukutu waliyemfundisha kwa njia hiyo. Wazo lina mizizi. Kinachonisumbua ni matokeo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwachukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10. Baadhi walipata mazoezi halisi. Wengine walikaa kwenye kiti kilekile, na vihisio vilevile, ila mchezo wao uliendeshwa na rekodi zilizoandaliwa mapema. Wazazi na walimu hawakuambiwa nani yuko wapi. Makundi yote mawili yaliboreka sana, na kwa kiasi kinachokaribiana. Mwishoni mwa 2024 ukatoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 38 yenye washiriki 2,472: pale mtoa tathmini asipojua nani amepata tiba, nafuu katika dalili za ADHD haikuwa ya maana.

Hapo ndipo wazazi wengi hukasirika. "Lakini mimi nimeona kwa macho yangu!" Hata mimi niliona. Mtoto anaenda mahali palepale kila wiki, mtu mzima yuko naye peke yake, anasifiwa kila akitulia, na nyumbani mnalala mapema kwa sababu kesho kuna zoezi. Ajabu ingekuwa asibadilike. Tena mzazi aliyelipa hela nyingi hutazama kwa jicho la matumaini, na sioni aibu kulikiri hilo.

Ndiyo maana nashauri jambo moja kuliko yote: mtafute mwalimu mmoja anayekaa na mtoto kila siku na usimwambie kitu kuhusu mazoezi. Mwombe ajaze fomu ya tabia kabla ya kuanza, katikati, na baada ya kumaliza. Kipindi hicho usibadilishe dawa, shule wala ratiba, la sivyo hutajua kipi kimefanya kazi. Na lipa kidogo kidogo. Wengi huuza vipindi 30 au 40 kwa mkupuo. Anayekataa kukupa nafasi ya kusimama njiani anajali zaidi hela yako.

Jihadhari pia na anayetaka kumpima mtoto ADHD kwa ramani ya ubongo, yaani picha ya mawimbi yake, peke yake. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa historia na tabia: dalili zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, zikionekana nyumbani na shuleni pia.

Sisi fomu za mwalimu hazikusogea, kwa hiyo hatukuongeza awamu nyingine. Hela ile tuliipeleka kwenye mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia, ambayo kwa maoni yangu yangefaa kutangulia. Kama wewe umeshaanza, mtoto anayafurahia na mfuko unaruhusu, acha amalizie. Ila dawa zake zisipunguzwe hata kidonge kimoja mpaka uwe umezungumza na daktari aliyeziandika.