Peke Yangu Pwani ya Ghuba ya Meksiko

Swali: Ninasoma Houston, nami natamani kuendesha gari peke yangu hadi Pensacola, jimboni Florida, kwa fedha kidogo. Nipite wapi, na lini?

Jibu: Ndugu msomaji, anzia Galveston, ambako kivuko cha jimbo la Texas kiendacho rasi ya Bolivar hakitozi nauli hata senti moja, kisha ukifika kijiji cha High Island uingie bara, kwa kuwa barabara namba 87 iendayo Sabine Pass ililiwa na bahari. Nakusihi uepuke msimu wa vimbunga, yaani Juni 1 hadi Novemba 30, hasa Agosti na Septemba. Lala hemani katika hifadhi za jimbo, na kila jioni umjulishe ndugu yako ulipofika.