Re: Chunjua za vidoleni na kisiginoni zimegoma

Salaam dada. Umesema umegandishwa kwa naitrojeni mara nne, chunjua zikarudi, sasa daktari anataka kukupaka difensiproni, dawa ya kuiamsha kinga ya mwili ipambane na chunjua. Mimi si daktari, ila nimepakwa.

Kwanza hakikisha ya kisiginoni ni chunjua kweli, si sugu, yaani ngozi iliyokakamaa tu: chunjua ikikwanguliwa huonyesha vidoa vyeusi. Dawa huanzia mkononi, sehemu ndogo kama sarafu, ili kinga ya mwili iijue kama adui. Wiki mbili hivi baadaye ndipo chunjua zenyewe hupakwa, kwa dozi hafifu. Mkono wangu ulitoka malengelenge, nikajikuna usiku kucha. Nilipowaambia hospitalini wakapunguza makali ya dawa. Funika pasipigwe na mwanga, wala usiloweshe kabla ya muda uliopewa. Kama una mimba, sema mapema, hawapaki. Mimi ilichukua miezi mitano, na kisigino ndicho kilichochelewa.