Msianze na jina, anzeni na nani alikuwa anadai nini

Swali la wiki hii lilikuwa: umewahi kutumia kumbukumbu za zamani kutafuta asili ya ukoo wako, na zilikufikisha wapi? Mie wa Unguja, na najibu upande wa mama tu, maana kwa baba kazi ishafanywa zamani, kuna karatasi ya nasaba imetiwa fremu ukumbini inaenda fulani bin fulani bin fulani mpaka Hadhramaut kule Yemen, na ukiisoma yote juu mpaka chini humkuti mwanamke hata mmoja, yani wale mabwana wamezaana wenyewe kwa wenyewe. Haya. Kutafuta kwenyewe kuko kwa wale wasokuwa na fremu.

Kwa mama tulichokuwa nacho ni kwamba bibi yake alitoka Bara. Bara wapi, kaletwa na nani, ukiuliza unaambiwa kanywe chai inapoa. Na wote tunajua kwa nini, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Sasa watu wengi wakienda pale Nyaraka Kilimani, zinakotunzwa kumbukumbu za serikali ya Zanzibar, wanaenda na jina mkononi wakidhani watafunguliwa daftari walione. Jina peke yake halikufikishi popote jamani. Mtu aliyeletwa utumwani alipewa jina na bwana wake, Mabruki, Feruzi, Baraka, Zafarani, na hao walikuwa tele, afu jina la baba hakuna au limeandikwa la bwana, afu karani mmoja kaandika kwa herufi za Kiarabu mwengine kaandika Kizungu kwa jinsi alivyosikia. Mie nilichojifunza ni kwamba makaratasi hayajiandiki, kila karatasi kuna mtu alikuwa anataka kitu, hela, kodi, nguvukazi, au roho ya mtu kwa wale wamisheni. Ukishajua nani alikuwa anataka nini kwa bibi yako ndo unajua ukamtafute daftari gani.

Mfano amri ya 1897 ya kuondoa utumwa hapa Unguja na Pemba. Wengi tunaisoma skuli kama vile asubuhi moja watu wote waliamka huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani aombe, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, asipokuwa nayo anahesabiwa mzururaji, na serikali ilikuwa inamlipa bwana fidia. Kwa hiyo daftari lile lipo kwa sababu ya fidia, ndo maana jina la bwana limeandikwa kwa uangalifu kuliko la huyo anayeachwa huru. Basi tafuta kwa jina la bwana! Babu zetu huwa hawamtaji mtumwa lakini shamba lilikuwa la nani wanakumbuka mpaka mwembe wa mpakani. Na wengi hawakwenda kabisa mahakamani, walibaki palepale shambani kwa maelewano na mwenye shamba, hao usiwatafute humo.

Na hapa ndo mie nilipokwama na nikapata mwanga kwa pamoja. Ile amri ya 1897 iliwaacha nje masuria, yani watumwa wanawake waliowekwa na mabwana zao kama wake. Suria alihesabiwa kama mke wa nyumbani, kwa kawaida hawezi kuomba kutoka labda athibitishe kateswa, na hali hiyo ikaenda mpaka amri nyengine ya 1909. Kwa hiyo kama bibi yako alikuwa suria, na hasa kama alizaa na bwana, daftari la 1897 litakuwa kimya, na ule ukimya wenyewe ni habari, sio kwamba hakuwepo. Watoto wake ni huru kwa sharia na wanarithi kwa baba, so yeye unamkuta pembeni ya mambo ya watoto wake: mirathi, kesi kwa kadhi, ugomvi wa minazi. Wanawake wetu kwenye kodi hawaonekani, kwenye ugomvi wa mali wanaonekana vizuri sana.

Kama wa kwenu alikamatwa baharini kwenye jahazi na manowari za Waingereza hiyo njia nyengine kabisa, wengi walipelekwa misheni za Kianglikana, Mbweni hapa Unguja kwa UMCA au Freretown kule Mombasa kwa CMS, wengine mpaka Bombay na Shelisheli. Huko kuna vitabu vya ubatizo, na karatasi nyingi za UMCA ziko Oxford, za CMS ziko Birmingham. Inauma kidogo kuomba kopi ya bibi yako kwa imeili Uingereza lakini ndo hivyo.

Kitu kimoja tu msikiamini, kabila kwenye sensa. Sensa ya 1924 Waswahili walikuwa maelfu kwa maelfu, ya 1931 wamebaki wachache mno, watu walewale mitaa ileile. Hawakufa wala hawakuhama, waliona ni jina gani lina faida. Wakati wa Vita vya Pili mchele wa mgao uligawiwa kwa kabila, sasa nani angejiandikisha Mnyasa, yani mtu wa Bara, akose mchele?

Mie bibi wa mama nilimpata sio kwenye daftari la watumwa, ni kwenye wakfu, yani mali iliyofungwa isiuzwe ili watu fulani wanufaike nayo. Matajiri wengi wa zamani walikuwa wakiweka nyumba au shamba wakfu kwa watoto wao na kwa watu waliowaacha huru, na hati inawataja, na tangu 1905 kukawa na Kamisheni ya kusimamia mambo hayo kwa hiyo karatasi zikatunzwa. Nyumba aliyozaliwa mama ni ya wakfu, sie tumekua tunajua hivyo tu, haiuzwi basi. Hati inasema atakaa humo bibi yule na kizazi chake, na jina lake lipo. Mjomba nilipomsomea kaniambia nisiipeleke kwenye grupu la familia, na sijaipeleka, ila binamu zangu watatu wameshaniomba kimya kimya niwatumie faragha.

Kwa hiyo kama kwenu mnakaa nyumba ya wakfu na hakuna anayejua kwa nini nyie ndo mnakaa humo, kaulizieni hati kabla hamjamlipa mtu kupima mate kwa DNA.